Ua Uliolala Upande wa Pili

Nyua zote za Marlcote zimelala kuelekea kanisani, isipokuwa mmoja. Ni nyua za miti hai ya miiba, ambayo mashina yake hukatwa nusu karibu na ardhi, yakainamishwa na kulazwa yote upande mmoja ili yachipue na kusongamana. Huo mmoja wa kinyume uko Njia ya Hextall, hatua mia tatu na ushei, kuanzia pale shuleni hadi mlangoni kwa akina Bagley, na tangu siku ulipolazwa umelipa kanisa kisogo. Mgeni anaweza kupita hapo mara kumi asione kitu. Mwenyeji wa Marlcote anauona hata akiwa amefumba macho.

Bwana Clement Oddie, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji, alikuwa na maelezo yake. Kwa miaka thelathini aliwafundisha watoto maelezo hayo, na alipostaafu akayahamishia kwa wazazi wao, kila alipowabana mahali wasipoweza kukimbia. Alisema Reuben Bagley, bingwa wa kulaza nyua wilaya nzima, aliporudi vitani mwaka 1945 alisimama katikati ya njia ile, akalowesha kidole, akaupima upepo wa magharibi, akang'amua kwamba hapo, na hapo tu, ua ukilazwa kinyume utadumu mara mbili. "Sayansi ya mtu ambaye hakumaliza shule," Bwana Oddie alikuwa akisema, na machozi yakimlengalenga. Na kusema kweli ua ulidumu. Kwa karibu miaka hamsini watu waliupunguza juu tu kwa mkasi, wala hakuna aliyethubutu kuulaza upya, kwa heshima ya Reuben, kwanza akiwa hai na kisha marehemu.

Lakini mti wa miiba hauli heshima. Kufikia mwaka 1994 ua ulikuwa umekonda chini, umejaa matundu, na wana-kondoo walikuwa wakitoka na kuingia kama wanakwenda dukani. Halmashauri ikamwita Desmond Fitch, mlaza nyua wa bonde la jirani, aje aulaze upya Jumamosi ya pili ya Novemba. Bwana Oddie akaona hiyo ni nafasi ya kuweka jiwe la kumbukumbu lenye jina la Reuben, na Muriel, mtoto pekee wa marehemu, akaombwa mambo mawili. Aandike ukurasa mmoja kuhusu baba yake kwa ajili ya kitabu cha kijiji, na alete vifaa vyake vya kazi vikawekwe mezani katika ukumbi wa kijiji.

Muriel alikuwa na miaka hamsini na minane, karani wa posta aliyestaafu mapema ili amtunze mama yake. Alimpenda baba yake kupita kiasi, na ndiyo maana ukurasa ule ulimshinda. Aliuandika mara nne na mara zote nne aliuchana. Sentensi moja tu ndiyo iliyobaki kila mara: "Baba alipenda sana bata." Hiyo alikuwa na uhakika nayo. Alipokuwa mdogo, akitoka shule au kanisani na baba yake, mzee alikuwa akimshika mkono na kumwambia, "Twende tukawaone bata," na hapo wanaiacha Njia ya Hextall na kuzungukia bwawa la kinu, safari ya dakika tano ikawa ya nusu saa. Kila Krismasi mama yake alikuwa akimnunulia mzee bata wa kauri. Walikuwepo juu ya meko mpaka leo, ishirini na wanane, wakitazama sebuleni kwa macho yao ya rangi nyeusi.

Jumanne kabla ya siku hiyo Desmond Fitch alipita kuviangalia vifaa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono iliyochanwachanwa na miiba. Muriel alikuwa ameshavipanga vyote mlangoni mwa banda.

"Haya mapanga yote ni ya mzee?" Desmond aliuliza.

"Yote. Ila hilo dogo nimelikuta leo asubuhi. Lilikuwa limefungwa kwenye gunia, nyuma kabisa."

Desmond aliliokota hilo dogo. Lilikuwa panga fupi la pua iliyopinda, kama mapanga yote ya kulazia nyua. Alilipima kwa mkono wa kulia, akakunja uso. Akalihamishia kushoto, uso ukakunjuka.

"Mzee wako alikuwa mashoto?"

"Baba? Hata kidogo. Kula, kuandika, kuwasha kiko, yote kulia."

"Basi hili si lake. Panga la ua linanolewa upande mmoja tu, dada, na upande wenyewe unafuata mkono wa mtu. Hili ukilitumia kwa kulia linateleza juu ya mti, linakuja kwenye goti lako. Halafu ona mpini. Hiki ni kiganja kidogo." Akajikuna shingo, akatazama upande wa njia. "Nikwambie kitu, lakini usinichongee kwa Bwana Oddie, maana ndiye aliyenipa kazi. Nyua zilizolala kinyume nimeziona tatu maishani mwangu. Zote tatu zililazwa na watu mashoto. Upepo hauhusiki."

Muriel alianza kucheka, halafu akageuka kutazama dirisha la jikoni. Katika nyumba ile alimjua mtu mashoto mmoja tu, na wakati huohuo mtu huyo alikuwa jikoni akimenya matofaa. Watu wa Marlcote walikuwa wamekunywa chai iliyomiminwa na Ivy Bagley kwa mkono wa kushoto kila Jumatano kwa miaka arobaini, pale ukumbini, na hakuna hata mmoja aliyejumlisha moja na moja. Ni kijiji cha watu werevu, siwasingizii. Ila werevu wao walikuwa wameshaumalizia kwenye upepo.

Ivy alikuwa na miaka themanini na minne, mwembamba, mkali, na miguu yake ilikuwa imegoma. Mikono haikuwa imegoma. Alikuwa akimenya tofaa kwa ganda moja refu lisilokatika, kama ilivyokuwa desturi yake, Muriel alipoingia na kuliweka panga mezani mbele yake. Ivy alilitazama. Akaendelea kumenya hadi mwisho, akaliacha ganda lidondoke bakulini.

"Umelitoa wapi?"

"Bandani. Mama, hili ni la nani?"

"Langu," alisema Ivy, kana kwamba ameulizwa kofia fulani ni ya nani.

Muriel akavuta kiti. Ivy alichukua tofaa jingine, na maneno yakaanza kumtoka polepole, bila kumtazama mtu.

"Baba yako alirudi vitani mwezi wa kumi. Watu wakamwona mzima, wakashangilia. Hawakuuona mkono. Akishika kikombe, chai yote inaishia kwenye sahani. Mzee Hextall, mwenye shamba, alikuwa amemwekea ule ua miaka yote ya vita, hataki mtu mwingine auguse. Baa nzima wanausubiri. Siku ya kwanza akatoka na panga lake. Haikufika hata saa mbili asubuhi, karudi. Akakaa kwenye kiti hicho ulichokalia, na koti mwilini. Akasema, 'Ivy, siwezi.' Halafu akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, na sikumwona tena."

"Ukaenda wewe."

"Aende nani? Mimi ni mtoto wa Silas Crowhurst. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na nyua zilikuwa hazimsubiri ampate. Nilianza kulaza naye nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikamwendea mhunzi Gaffin nikamwambia nataka panga la kupasulia kuni. Akautazama mkono wangu, akatengeneza hilo. Hakuuliza kitu mpaka anakufa, Mungu amrehemu."

Akaeleza jinsi alivyokuwa akitoka alfajiri, ukungu ukiwa mzito, akirudi kengele ya shule ikilia. Reuben alibaki njiani mchana kutwa, panga kiunoni, akichoma matawi yaliyokatwa na kupiga mluzi, ili wapitao wamkute. Miezi mitatu walifanya hivyo.

"Mimi niliambiwa unakwenda kukamua ng'ombe wa Hextall," Muriel alisema.

"Ukaamini. Ulikuwa mtoto mzuri." Ivy aliinua kidole chake cha shahada, kile kilichopinda. "Hiki nacho kilipindwa na ule ua. Wewe ulisema ni baridi yabisi, nikakuachia baridi yabisi yako."

Muriel alikitazama kidole kile. Alikuwa amekipaka mafuta kila usiku kwa miaka sita. Aliona fahari ikimpanda kifuani, fahari kubwa ambayo hakuwahi kumwonea mtu yeyote aliye hai, na nyuma yake hasira.

"Na wewe ukakaa kimya, ukiwamiminia chai, na wao wanaimba Reuben, Reuben."

"Kwani nilitaka kuimbwa? Nilitaka mume wangu apone. Mwezi wa tatu mkono ukaanza kutulia, akalaza nyua zake mwenyewe tena, na ni nzuri, nenda kaone. Kijiji kingejua kwamba mkewe ndiye anayemshikia panga, ule mkono usingetulia ng'o." Akaligeuza tofaa mkononi. "Yeye alitaka kusema. Siku tuliyofunga ufito wa mwisho juu ya ua alivaa koti akaniambia anakwenda baa kuwaeleza. Nikamwambia, 'Nenda. Ukilitamka hilo neno, ukirudi hunikuti.' Akavua koti."

"Jiwe linachongwa Alhamisi. Nampigia Bwana Oddie sasa hivi."

"Humpigii."

"Mama, ni jina lako."

"Jina langu liko kwenye cheti cha ndoa na kwenye orodha ya wamimina chai. Hayo yananitosha. Nilimfunga mume wangu mdomo, halafu leo nikamuaibishe kaburini? Humpigii, Muriel. Nikifa fanya utakavyo. Na sifi wiki hii, nina matofaa."

Muriel alijua mama yake akisema hivyo hakuna la kuongeza. Akatoa karatasi yake mfukoni, kwa hasira, akaitupa mezani. "Basi niambie niandike nini. Nimebakiwa na sentensi moja. 'Baba alipenda sana bata.'"

Alipoisikia kwa sauti yake mwenyewe, kitu kilimshtua. Njia ya bwawani ilianzia wapi? Ilianzia pale shuleni, pale hasa ulipoanza ua.

"Mama. Baba alikuwa anapita Njia ya Hextall?"

"Si ndiyo njia ya nyumbani? Apite wapi tena?"

"Akiwa na mimi hakupita. Sikumbuki hata siku moja. Kanisani, shule, dukani, tulikuwa tunazungukia bwawani. Mvua tunazunguka, theluji tunazunguka. Kuna mwaka bwawa liliganda, bata wote wakahama, na bado akaniambia twende tukawaone bata."

Mkono wa Ivy ukasimama. Ganda la tofaa likakatika.

"Alipenda bata," alisema.

"Alikuwa anawatazama dakika moja, mama. Halafu anatazama saa. Na watu wakianza kuusifu ule ua alikuwa anakumbuka ghafla ana kazi nyumbani. Tulidhani ni mnyenyekevu. Tangu ua ulipokwisha, mara moja tu nilimwona akipita njia ile, na siku hiyo alikuwa amebebwa, kwa sababu gari la maiti halipiti bwawani."

Ivy aligeuza kichwa, akatazama mlango wa sebule uliokuwa wazi, kule mekoni. Siku nyingine yoyote wangecheka mpaka mbavu ziwaume, bata ishirini na wanane kwa mtu asiye na habari na bata. Siku hiyo hakucheka mtu.

"Nilidhani nimemtua mzigo," Ivy alisema baadaye. Hakumenya tena, na matofaa yakawa meusi bakulini.

Muriel hakupiga simu. Aliupeleka ukurasa kwa Bwana Oddie bila bata ndani yake, mistari tisa mikavu. Bwana Oddie akamwambia ni mzuri sana, akaongeza mwenyewe aya mbili kuhusu upepo. Asubuhi ya Ijumaa mama yake alimwomba amletee lile panga dogo na jiwe la kunolea, na Muriel, aliyeona bora asiulize, akamletea.

Jumamosi kulikuwa na ukungu. Watu arobaini walikusanyika njiani, karibu na shule, wakiwa na mabuti na mitandio, na birika kubwa la ukumbi lilikuwa limebebwa mpaka pale juu ya toroli. Jiwe lilifunikwa kwa kitambaa cha meza. Bwana Oddie alihutubu. Alipofika kwenye upepo alilowesha kidole akakiinua juu, akangoja, ingawa asubuhi ile hakuna hata jani lililotikisika. Kisha akavuta kitambaa. Maandishi yalisema ua ule ulilazwa na Reuben Bagley, bingwa, majira ya baridi ya 1945. Watu wakapiga makofi yaliyotoka moyoni, kwa maana Reuben alipendwa kwelikweli na mtu hawezi kuwalaumu.

Desmond alikuwa amesimama kando ya ua, tayari kwa pigo la kwanza.

"Nisukume mbele," Ivy alimwambia bintiye.

Muriel akakisukuma kiti cha magurudumu mpaka kwenye majani. Ivy akafunua blanketi, na panga dogo lilikuwa mapajani mwake, makali yakimetameta.

"Kijana, nipe bega," alimwambia Desmond. "Nataka shina hili hapa."

Desmond alielewa kabla ya watu wote. "Sawa, mama," akasema, akainama, na Ivy akasimama kwa kumshikilia shingoni. Akalishika panga kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likaingia. La tatu likapasua shina kwa mshazari, chini, karibu na ardhi, likaacha ule ukanda mwembamba wa gome na mti unaofanya shina liendelee kuishi. Akalisukuma kwa kiwiko, nalo likainama taratibu, likalala juu ya mashina manene ya zamani, upande uleule, likilipa kanisa kisogo.

Desmond akavua kofia. Watu walilitazama panga, wakautazama mkono, wakautazama ua mrefu unaopotea ukunguni, na mtu angeweza kuwaona, mmoja baada ya mwingine, wakijumlisha moja na moja.

"Lakini," alisema Bwana Oddie, na kidole chake bado kilikuwa na unyevu, "upepo wa magharibi..."

"Clement," Ivy alimwambia, bila ukali, "hapakuwa na upepo. Palikuwa na mimi."

Alikuwa akihema, lakini hakukaa. "Mkono wa Reuben ulirudi mgonjwa kutoka vitani. Ua niliulaza mimi. Yeye alitaka kuwaambieni siku ileile ulipokwisha, nikamkataza. Kwa hiyo msimseme. Alikuwa mtu mkweli, na mimi nilimnyima ukweli wake miaka ishirini na minane, nikidhani namfanyia hisani. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Haya, mimineni chai, inapoa."

Hakuna aliyekwenda kwenye birika. Muriel aliogopa kwamba Bwana Oddie angetafuta maelezo mengine. Lakini Clement Oddie alikuwa mwalimu halisi. Alikitazama kidole chake, akakipangusa kwenye koti, akamsogelea Ivy.

"Nimewafundisha watoto mia nne ujinga," alisema.

"Uliwafundisha kuutazama ua," Ivy akamjibu. "Si haba."

Bwana Oddie akatoa penseli mfukoni. "Jina lako tulichonge juu ya lake au chini?"

"Ubavuni," alisema Ivy, akaketi. "Tulikuwa wawili."

Chai ikamiminwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini Ivy Bagley akamiminiwa yeye. Wanawake walikuja kumshika ule mkono wa kushoto, wakiugeuzageuza kama hawajapata kuuona, hata akawaambia waurudishe kwa sababu anautumia. Nyuma yao panga la Desmond lilikuwa limeanza kusikika, mashina yakiinama moja baada ya jingine. Alikuwa amehamia ng'ambo ya ua na kushika kazi kwa taabu, kinyume na mkono wake, ili ua uendelee kulala vilevile.

Walipoondoka, Muriel alikisukuma kiti mpaka pale shuleni, akakigeuza bila kufikiri, kama alivyogeuka hapo maisha yake yote.

Mama yake akaweka mkono kwenye gurudumu. "Unakwenda wapi?"

"Bwawani." Muriel akasimama. "Mazoea tu."

"Bata wapo, hawaendi popote. Leo tupite kando ya ua. Tumpitishe baba yako."

Wakapita, hatua mia tatu na ushei, na Ivy akiugusa ua kwa mkono wa kushoto njia nzima hadi mlangoni.